Mtoto Anasikia

Wiki niliyostaafu, wenzangu wa ofisini waliniandalia keki na filamu. Keki ilikuwa ya karoti. Filamu ilikuwa ya Kituruki, inamhusu binti asiyeona wala kusikia na mwalimu wake, na walioichagua walidhani nitafurahi kujiona kwenye skrini. Nilifurahia keki. Mwalimu wa kwenye filamu alikuwa na koti zuri, na kila mwanafunzi wake alipokaribia kuelewa jambo, muziki ulianza. Ilipokwisha, Joan, mama wa Nairobi aliyechukua nafasi yangu, alijipangusa macho akaniuliza, "Auntie, huwa hivyo kweli ama ni movie tu?" Nilimwambia nitamwandikia, kwa sababu watu walikuwa wanataka kufunga ofisi. Haya ndiyo niliyomwandikia, na wengine mnaoanza kazi mnaweza kusoma pia. Habari za vyeo nimeziacha. Vilikuwa vichache na havina utamu wowote.

Kazi yetu huitwa intavina, na Kiswahili chake sijakikuta popote. Mama yangu aliponiuliza kwa simu kutoka Tanga, nilimweleza hivi: ninakaa na mtu asiyeona wala kusikia, namwambia kwa mikono kinachoendelea duniani, naye anachotaka kusema anakisema mikononi mwangu, mimi nakifikisha kwa wengine. Mama akauliza kama ile kazi ya ghalani nimefukuzwa. Sikufukuzwa. Nilikuwa nimefunga maboksi karibu na uwanja wa ndege hapa Toronto mpaka mgongo ukakataa, nikajiandikisha kozi ya kwanza niliyoona haina neno "kunyanyua" kwenye maelezo yake. Baadaye niligundua kwamba watu hunyanyuliwa pia.

Aliyenifundisha kazi hasa si chuo, ni Gwen, msimamizi wetu ofisini. Gwen alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa visiwa vya mashariki ya Kanada, huko kwenye samaki na ukungu, na alisema machache kana kwamba maneno yana ushuru. Siku yangu ya kwanza alinifunga kitambaa machoni, akaniziba masikio, akanipeleka sokoni North York kununua vitunguu. Nilirudi na viazi, na nikiwa nimemshika mkono mtu ambaye hakuwa Gwen. Yule bwana alikuwa mpole sana. Gwen hakucheka. Alisema kwamba hofu niliyoisikia pale kwenye mizani ndiyo wateja wetu huamka nayo, na kwamba kazi yangu yote ni kuipunguza.

Mengine alinifundisha kwa kunikemea. Kucha ziwe fupi, pete zibaki nyumbani. Usimshike mtu ghafla. Mkono wako uingie chini ya mkono wake taratibu, umwachie nafasi ya kuukataa. Sabuni isibadilishwe, maana harufu yako ndiyo sura yako. Vaa bangili ileile kila siku ili akiigusa ajue ni wewe. Na lolote linalotokea chumbani, mwambie. Mtu akiingia, mwambie. Wakigombana, mwambie wanagombana. Ukifikiri jambo fulani halimhusu, Gwen alisema, umeanza kumfungia mlango. Nilinunua bangili ya shaba na sabuni ya karafuu, na sijabadilisha hata moja, ingawa karafuu niliichoka mapema sana.

Nilikuwa tayari nimezoea kazi nilipopewa Furaha. Alikuwa na miaka tisa, anaishi na mama yake na kaka zake kwenye ghorofa moja refu huko Rexdale, upande wa Kipling. Walikuwa wametoka Uvira, wakapitia kambini, ndipo wakafika Toronto. Macho ya Furaha yalikwisha zamani, kwa homa, na hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa masikioni. Faili lake lilisema anasikia vizuri, kwa mujibu wa mama. Kwa hiyo shule ilimweka na watoto wasioona, ambako mwalimu huzungumza kutwa, na Furaha alikuwa akilala juu ya meza kutwa. Alipoamshwa aling'ata kifundo cha mkono wake mpaka kikatoka damu. Shule ikaanza kuamini kwamba tatizo ni akili, ikataka kumhamishia darasa ambalo watoto wanatunzwa vizuri na hawafundishwi kitu.

Mwalimu mmoja wa wasioona alitilia shaka masikio, akatuita. Ofisi ilinitoa kwa majaribio ya muda mfupi, na mwisho wake kukawa na kikao cha kuamua. Bila kipimo cha masikio, hakuna intavina. Kwa mtoto wa namna ile kipimo hufanywa amelala kwa dawa, na mama lazima akubali. Mama Furaha alikuwa amekwisha kukataa mara mbili. Aliulizwa kwa mkalimani wa simu kama mtoto anasikia, akajibu anasikia sana. Walipomwambia kwamba wao wanaona hasikii, aliinuka akaondoka na mtoto wake, na mkutano ukabaki na viti.

Nilikwenda nyumbani kwao nikiwa na wasiwasi. Nilikuwa nimemwona Furaha shuleni na sikuwa na shaka yoyote: yule mtoto hakuwa akipata hata mlio wa kengele. Na nilijua pia, kama mnavyojua ninyi, kwamba mtoto asiyepewa lugha mapema hujifungia ndani, na kila mwaka mlango unazidi kuwa mzito. Mama Furaha alinikaribisha vizuri. Alikuwa mwanamke mfupi, amejifunga kitenge juu ya sweta, anafanya kazi usiku ya kusafisha na mchana halali. Alipojua kwamba ninasema Kiswahili aliniuliza watoto wangu ni nani. Nilimwambia ninaye mmoja, Neema, na kuanzia hapo nikawa Mama Neema. Aliuliza kama Neema naye anajibu Kiingereza akisemeshwa Kiswahili. Nilisema ndiyo. Tulisikitika pamoja, na kikao chetu kikaanza vizuri kuliko vile vya shule.

Alikuwa anasonga ugali. Furaha alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ameuegemeza kwenye friji kwa sababu inatetemeka. Nilipokuwa nasogeza sufuria kumpisha mama, mfuniko uliniponyoka ukaanguka kwenye vigae karibu kabisa na mtoto. Mimi niliruka. Jirani wa chini aligonga dari. Furaha hakugeuza hata shingo.

Nikasema, kwa upole niliodhani unatosha, "Unaona, Mama Furaha. Mtoto hasikii."

Aliweka mwiko chini. "Mama Neema, na weye? Hapana ita mutoto wangu vile. Furaha anasikia. Watoto wa huyu anayegonga chini njo hawasikie. Wangu, nikimwambia kaa, anakaa. Nikimwambia kula, anakula. Hajanisumbua hata siku moja."

Nilibaki nimeshika mfuniko. Katika Kiswahili chake na changu, na cha mkalimani wa simu, mtoto asiyesikia ni mtoto mtundu. Ni yule anayetumwa dukani akaenda kucheza. Mimi mwenyewe nimemwambia Neema hasikii mara ngapi, na masikio yake ni mazima kama ya paka.

"Nilikuwa nasema sauti," nilimwambia. "Sauti anaipata?"

"Sauti?" Alinitazama kama vile nimemuuliza kama mtoto ana mbawa. "Sauti ilikwisha na ile homa, pamoja na macho. Hiyo si kila muntu anaona? Nani ameniuliza sauti? Wanauliza tu, anasikia, anasikia. Nikasema anasikia. Anasikia baridi, anasikia njaa, anasikia harufu yangu nikifungua mlango. Halafu wananijibu, hapana, hasikie, tumupe dawa alale. Juu ya nini nilazishe mutoto asiye na kosa?"

Msifikiri kwamba nilijisifu kwa kugundua hilo. Ningekuwa mimi kwenye ile simu ningetafsiri vilevile, neno kwa neno, na kulala usingizi mzuri. Ni mfuniko tu ulioanguka. Nilimweleza dawa ya usingizi ni ya nini, na kwamba kwenye kikao inabidi aseme waziwazi mtoto hasikii, ili apewe mtu wa kumfundisha. Nilidhani tumemaliza. Mama Furaha aliuchukua mwiko akaendelea kusonga.

Kisha alinieleza bila kuniangalia. Kule kambini Furaha akiitwa alikuwa haitiki, akikatazwa jambo haachi. Watu wakasema mtoto huyu hasikii. Shangazi mmoja aliamua kumfundisha kusikia kwa fimbo, na wengine wakamsaidia, kila mmoja kwa nafasi yake, wakati mama yuko kwenye foleni ya maji. Alama zilikuwepo bado mgongoni. Ndipo mama akaanza kumtangulizia neno kila anapokwenda. Kabla mtu hajaketi, amemwambia: mutoto wangu anasikia. Maana yake ilikuwa, usimpige.

"Sasa unataka nisimame mbele ya batu wakubwa," alisema, "na mimi mwenyewe mama yake niseme hasikie."

Nikala ugali niliopewa, nikapanda basi nikarudi kwangu. Nilimsimulia Gwen. Aliniuliza kama kuna neno lingine. Nilimwambia yapo, kiziwi, na mengine mabaya zaidi, lakini tatizo halikuwa upungufu wa maneno.

Siku ya kikao tulikaa chumba kimoja cha shule: mkuu wa shule, yule mwalimu wa wasioona, Gwen, mama na mtoto, na mkalimani ndani ya simu katikati ya meza. Mimi nilikuwa pale kwa ajili ya Furaha, na sheria yetu mnaijua, mikono ikishakuwa kazini kwa mteja, mdomo haufanyi kazi ya mtu mwingine. Nilikuwa nampitisha mtoto kwa kila aliyekuwepo aguse mikono yake. Nilijua neno lipi linasubiriwa na nilijua linagharimu nini, na niliruhusiwa kunyamaza tu.

Mkuu wa shule aliuliza swali lake. Mama Furaha aliisogelea simu akasema polepole, kama anayesomea mtu anayeandika: "Masikio yake haishike sauti. Mumupime, nakubali. Lakini muandike na hii: mutoto anasikia."

Kisha mkalimani akasema kwa Kiingereza kwamba mama anakubali kipimo, masikio hayapokei sauti, na kwamba mtoto anasikia. Mkuu wa shule akauliza ni lipi kati ya hayo. Mkalimani, masikini, akasema kadiri anavyoelewa ni yote mawili.

Hapo Mama Furaha alichoka na simu. Alimgeukia mtoto wake, akampitishia kidole kimoja juu ya kifundo cha mkono, kile kilichojaa makovu ya meno. Furaha akasimama, akageuka, akanyoosha mikono nyuma kungoja kuvishwa koti. Mama akamgonga begani, mtoto akakaa. Akamchorea duara kiganjani, na Furaha, ambaye shuleni hakuna aliyewahi kumwona akicheka, alicheka, akafungua mdomo. Duara lilikuwa ugali. Mama akambandika kiganja chake chote juu ya kiganja cha mtoto, akakandamiza. Furaha akafunga mdomo, akatulia.

"Hiyo ya mwisho ni nini?" Gwen aliuliza kupitia simu.

"Bado," alisema Mama Furaha. "Namwambia chakula bado."

Gwen alisema hayo ni maneno, na kwamba angependa yaandikwe kabla ya kitu kingine. Yakaandikwa. Kipimo kilifanywa baadaye, na daktari akaeleza kwamba masikio yote mawili hayapokei chochote. Mama Furaha alimshukuru kama mtu aliyeletewa habari za mvua ya jana.

Nikapewa Furaha, na nilikaa naye kuliko mteja mwingine yeyote. Kwenye ile filamu mafunzo yanakwenda haraka kidogo. Sisi tulianza na maneno ya mama yake, duara na kidole na kiganja, tukayaongezea alama za viziwi wa hapa, nazisema mimi naye anazishika. Kabla ya kutoka nilimpa kadi ya basi aishike. Kabla ya kula, kijiko. Siku nyingi alivitupa vyote viwili. Kijiko kimoja kilinipata juu ya nyusi na alama yake ninayo, msiniulize tena.

Baridi ndiyo ilikuwa adui wa kweli, na hilo waandishi wa filamu hawalijui. Mtu anayezungumza kwa mikono hawezi kuzungumza ndani ya glavu. Kwenye kituo cha basi cha Kipling mwezi wa pili, kila sentensi inamaanisha kuvua glavu zako na zake, kusema, na kuzivaa kabla vidole havijafa. Nilijifunza kuchagua. Mengi ambayo kiangazi nilidhani ni ya lazima kumwambia, wakati wa theluji yalisubiri mpaka ndani ya basi. Mteja wangu naye alijifunza kunifokea kwa alama moja tu.

Jambo ambalo Joan alitaka kuliuliza, nadhani, ni lini hasa mtoto alielewa. Sijui lini. Najua tu siku moja tulikuwa kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya lile ghorofa, Furaha ameweka shavu kwenye mashine ya kukaushia nguo. Anapenda joto lake na mtetemo wake. Nilimpa kadi ya basi, maana yake tunaondoka. Hakuitupa na hakujing'ata. Alinirudishia kadi, akatafuta kiganja changu, akabandika chake juu yake akakandamiza. Bado. Mpaka siku ile lilikuwa neno la kuambiwa. Hakuwahi kumwambia mtu. Nilikaa juu ya kikapu cha nguo za watu nikafurahi kupita kiasi, na basi likatuacha, na lililofuata pia, kwa sababu kila nilipompa kadi alinijibu vilevile. Mlinzi alikuja kuuliza kama tuna tatizo. Nilimwambia tunazungumza.

Haikupita muda Mama Furaha alinipigia simu, amekasirika.

"Mama Neema, mumeniharibia mutoto. Namwambia aoge, anasema bado. Namwambia alale, bado. Jana pasta alikuja, nikamwambia asalimie. Bado. Mbele ya pasta. Huyu mutoto sasa njo hasikie kabisa..."

Akajisikia alivyosema. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio, na kikarudi tena kuwa kicheko, na wote wawili tukashindwa kukata simu.

Yaliyofuata ni marefu na yanachosha kama kazi yoyote inayokwenda vizuri. Furaha alijifunza kusoma nukta nundu kwa vidole. Alijifunza kutembea kwa fimbo nyeupe, kupika, kubishana na kaka zake, na kusengenya, jambo ambalo hakuna aliyemfundisha. Sasa ni mwanamke mzima, anakaa kwenye chumba chake mwenyewe, ghorofa mbili chini ya mama yake. Gwen amefariki. Nilikwenda naye Furaha kwenye mazishi, nikamwambia kila kitu kilichotokea kanisani, hata mtu aliyesinzia.

Siku yangu ya mwisho nilimpeleka Joan kwake. Nilikuwa nimemweleza Furaha mapema kwamba nazeeka, kwamba magoti yamekwisha, kwamba atakuja mwingine. Aliuliza huyo mwingine ananuka nini. Siku hiyo alimnusa Joan, akazikagua kucha zake, akaipapasa bangili yake, kisha wakaanza. Joan alikuwa na hofu na mikono yake ilikwenda mbio. Furaha akaishika, akaituliza juu ya meza, akamwonyesha alama moja polepole, akangoja airudie, akaisahihisha kidole kimoja kimoja. Sikuwa na la kufanya pale. Nilimuaga mikononi, naye akaniaga, kwa kifupi kama kawaida yake. Nikavaa koti, nikafika mlangoni, na miguu ikakataa kutoka.

Furaha akaachia mikono ya Joan, akainua uso kidogo, halafu akairudia. Nilikuwa naona kila alama kutoka pale nilipo.

"Hajaondoka," alimwambia Joan. "Sijasikia upepo wa mlango. Anafanya nini?"

Joan alinitazama. Nilimtikisia kichwa, nikimwomba aniachie. Lakini siku tatu nzima nilikuwa nimemfundisha mwenyewe kwamba linalotokea chumbani halifichwi. Akaingiza mikono yake chini ya ile ya Furaha.

"Amesimama mlangoni," alisema. "Analia."

Furaha alifikiri.

"Mwambie basi litamwacha."